Oili ya Asubuhi

Pikipiki ilikuwa uani mwa kituo cha polisi, imeegemezwa ukutani kama mlevi anayesubiri kufunguliwa mlango. Taa ya mbele ilikuwa imepasuka, usukani umepinda, na tangi la petroli limebonyea upande wa kulia. Sajini, ambaye kituo kizima kilimwita Taratibu, alikuwa amechuchumaa mbele yake tangu chai ya asubuhi, na kwa kadiri konstebo wake alivyoona, hakuna alichofanya zaidi ya kuitazama.

"Afande," konstebo alisema, "Mkuu anasema mtuhumiwa apelekwe mahakamani leo alasiri. Jalada limeshakamilika."

"Kalikamilisha nani?"

"Mkuu mwenyewe."

"Hongera zake. Hebu niletee karatasi za chooni, zile nyeupe."

Konstebo huyo aliitwa Kipara, na jina lilimkaa sawasawa, kwani kichwani hakuwa na hata unywele wa kusingizia. Alikuwa amefanya kazi na Sajini muda mrefu, akajua kwamba kumuuliza "za nini?" ni kujichosha. Akaenda zake.

Kesi yenyewe kituoni waliiona nyepesi. Ndugu wawili, tumbo moja. Mkubwa ni dereva wa lori la safari za mbali, mdogo ni fundi wa pikipiki. Baba yao, naye fundi, alifariki mwaka uliopita akaacha pikipiki hii moja: kubwa, nzito, ya kizamani, yenye silinda mbili zilizopanuka kwa umbo la V na mapezi ya chuma pembeni, kwa sababu injini yake haina maji wala rejeta, inapozwa na upepo tu. Marehemu hakusema arithi nani. Mkubwa akaichukua kwa kuwa ni mkubwa. Mdogo, ambaye utoto wake wote aliumalizia chini ya pikipiki hiyo akimshikia baba yake spana, akaapa mbele ya mama yao kwamba hataigusa tena mpaka anaingia kaburini. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusemeshana.

Kisha mkubwa akateleza nayo kwenye kona ya kule kilimani. Mguu ukavunjika, mbavu zikaenda, na mpaka asubuhi hii alikuwa amelala hospitali hajitambui. Tairi la nyuma lilikutwa limelowa oili. Mke wake akasema alimwona shemeji yake akitoka bandani siku ambazo mume yuko safarini. Mdogo alipoulizwa alijibu, "Sikuigusa." Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Wakaenda karakana kwake wakakuta matambara yenye oili, wakayabeba kama ushahidi. Sajini aliposikia hilo aliuliza kama walitegemea kukuta matambara yenye manukato, na Mkuu wa kituo hakucheka.

Kipara alirudi na karatasi. Sajini akampa nusu.

"Futa kila mahali panapong'aa oili. Kila bomba, kila nati. Ukimaliza bandika karatasi safi uone palipo na unyevu."

Walifanya kazi hiyo kimyakimya mpaka magoti yakalalamika. Mabomba ya oili yalikuwa mazima, yamekazwa barabara. Nati ya kumwagia oili chini ilikuwa imekaza. Hapakuwa na mkato wa kisu popote, jambo lililomvunja moyo Kipara, maana tangu mwanzo alikuwa ameshabikia kisu. Karatasi zote zilibaki nyeupe isipokuwa moja, ile iliyobandikwa chini ya boksi la duara lililo upande wa kulia wa injini.

"Hiki ni nini?" Sajini aliuliza.

"Kichujio cha hewa, afande. Injini inavutia pumzi hapo."

"Sasa mbona pua ina mafuta?"

Wakafungua. Sponji ya ndani ilikuwa imelowa chapachapa. Sajini aliibinya kwa vidole viwili, oili ikachuruzika, ya rangi ya asali, safi kabisa. Akainusa. Halafu akainama tena chini ya injini, akasugua filta ya oili kwa kidole gumba.

"Kipara, hii filta ina umri gani?"

"Mpya hii. Hata vumbi halijaishika."

"Na oili ni mpya." Sajini alikaa chini kabisa, sakafuni, bila kujali sare. "Niambie wewe mwenye ndugu. Umemchukia kaka yako, unataka afe. Unaingia bandani kwake kwa siri. Kwanza unambadilishia filta?"

Kipara alifikiri. "Mimi kaka yangu hata upepo wa tairi nisingemwekea."

"Basi. Na kitu kingine. Pale getini kwao ukitoka tu kuna kona kali ya kulia. Angepakwa oili kwenye tairi nyumbani, angeanguka pale, mbele ya jirani. Yeye amepita kona ile, amepita mji mzima, amekwenda kuanguka kilimani. Barabarani matone ya oili yanaanzia wapi?"

"Katikati ya mlima."

"Injini ikiwa imeshapata moto. Twende kwao."

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na ua mdogo wa saruji, bomba la maji pembeni, na banda la bati lenye kufuli. Mke wa mkubwa aliwafungulia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha hospitalini, na maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Mnatafuta nini tena? Mtu si mmeshamshika?"

"Tunatafuta tusichokijua, dada," Sajini alimjibu. "Ulimwona shemeji yako akitoka bandani. Alikuwa na nini mkononi?"

"Mfuko."

"Mzito au mwepesi?"

Alisita. "Mzito kidogo. Alitembea kama mwizi, anaangalia nyuma."

Bandani Sajini alipiga tena magoti. Sakafu mahali iliposimama pikipiki ilikuwa kavu, haina hata tone moja. Kwenye rafu palikuwa na galoni ya oili, imebaki nusu. Aliinyanyua akaiweka mwangani.

"Hii ya nani?"

"Ya mume wangu. Anayo siku zote. Ndiyo anayoweka na kwenye lori akiwa hapa." Sauti ya mwanamke ililainika bila yeye kutaka. "Mwenzangu ni mtu makini. Kabla hajawasha gari asubuhi, lazima achomoe kijiti apime oili. Hajawahi kuharibikiwa njiani. Hata hii pikipiki, asubuhi ile alitangulia kupima ndipo akanywa chai."

"Kabla ya kuiwasha?"

"Sasa atapimaje ikishawaka? Kila dereva anajua hilo."

"Kila dereva," Sajini alikubali, naye hakuona kosa lolote katika jibu hilo. Lakini aliliweka akilini, pamoja na ile galoni. "Na alikuwa anakwenda wapi?"

"Sokoni. Alisema anakwenda sokoni mara moja."

Soko lilikuwa bondeni. Kilimani hapakuwa na kitu zaidi ya machimbo ya mawe, na karakana ya mdogo mtu. Kituoni walikwisha kuamua kwamba alikuwa anakwenda kupigana. Sajini hakuamua chochote. Alitoka akaenda kwenye bomba kunawa mikono, maana oili ya sponji ilikuwa bado inamnata vidoleni.

Mama mzazi alikuwa amekaa pale kwenye kigoda, anaosha sufuria iliyokuwa safi tayari. Alikuwa mama mwembamba, na hakunyanyua uso. Sajini alichukua sabuni kutoka kwenye kopo. Ilikuwa kipande cheupe, lakini upande mmoja kilikuwa na alama nyeusi za vidole vipana, zimezama na kukaukia.

"Mama, mwanao mkubwa alikuwa safari. Sabuni hii kainawia nani?"

Sufuria ilisimama.

"Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Sioni vizuri."

"Kufuli la banda halikuvunjwa, mama. Funguo ni mbili. Moja alikuwa nayo mwenyewe njiani."

Mama aliangalia mlango wa nyumba kuona kama mkwewe alikuwa karibu. Hakuwapo. Ndipo alipoiweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Nilimfungulia mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Alikuja akaniambia, mama, nimeisikia ikipita barabarani, inagonga, inakufa ile. Nifungulie, usimwambie kaka. Nikamfungulia. Nikafurahi, mwanangu, wallahi nilifurahi, nikasema huenda wanapatana. Akafanya kazi, nikamwambia kanawe mikono, akanawa, akaondoka. Kisha mwenzake akaanguka." Alimtazama Sajini kwa mara ya kwanza. "Niambie. Nilimfungulia mlango amuue ndugu yake?"

Sajini alikuwa ameulizwa maswali mengi katika kazi hii, lakini hakuwahi kuulizwa la namna hiyo na mtu aliyeogopa jibu kiasi kile. Angependa kumwambia hapana. Ila hakuwa na hakika, na kumpa mama matumaini ya kubahatisha aliona ni ukatili.

"Sijui bado, mama. Nitajua leo. Vaa viatu, twende wote kituoni."

*

Mdogo mtu alitolewa selo akiwa na pingu. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na ndevu za siku kadhaa. Alipoiona pikipiki ukutani, akasimama palepale.

"Unaijua?" Sajini aliuliza.

"Sikuigusa."

"Filta mpya, oili mpya. Umeacha vidole vyako kwenye sabuni. Na mama yako ameniambia alikufungulia."

Jamaa aligeuza kichwa, akamwona mama yake amekaa kwenye benchi la uani, mikono mapajani. Akafumba macho.

"Sasa nimekwisha," alisema.

"Utakwisha ukiendelea kudanganya. Uliweka oili kiasi gani?"

"Kiasi chake. Nilimwaga ya zamani, ilikuwa nyeusi tititi. Nikabadilisha filta, nikasafisha plagi. Ile ya silinda ya nyuma ilikuwa imeungua, ya nyuma ndiyo inayopata shida, upepo hauifikii vizuri. Nikaweka oili mpya, nikawasha, ikapata moto, nikapima. Ilikuwa kwenye mstari wa juu, wala haikuzidi. Kama nilizidisha, afande, Mungu anipofue."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nimeapa sitaigusa, nimeigusa, na kaka kaanguka kwa oili. Wewe ungeniamini?"

Mkuu wa kituo hakumwamini, na alikuwa anashuka ngazi wakati huohuo, tumbo likitangulia. "Sajini, gari la mahakamani linasubiri. Huyu anafanya nini nje?"

"Anatengeneza pikipiki, mkuu."

"Anatengeneza nini?"

"Nahitaji iwake. Hapa kituoni hakuna anayeiweza, na Kipara nikimwachia ataitafutia kisu tu. Naomba afunguliwe pingu."

"Akikimbia je?"

"Geti limefungwa, na mama yake amekaa hapo. Atakimbilia wapi?"

Mkuu alitazama saa, akatazama gari, akatazama wale mahabusu waliokuwa wamejipanga dirishani kama wako kwenye mpira. "Ikiwaka au isiwake, anaondoka," alisema. Lakini hakurudi ndani.

Pingu zilipotoka, mdogo mtu alisugua viganja, akainama kwenye injini, na papo hapo akawa mtu mwingine. Aliomba spana kwa namba bila kutazama, akinyoosha mkono pembeni, na Kipara akajikuta anampa. Alirudisha waya wa betri uliochomoka. Alichomoa plagi zote mbili, akazikausha, kwa maana petroli ilikuwa imefurika pikipiki ilipolala. Alinyoosha mkono wa klachi kwa kuukandamiza na goti. Alipofika kwenye boksi la kichujio cha hewa aliona sponji ilivyolowa, akakunja uso.

"Hii imetapika," alisema peke yake.

"Kwa nini itapike?" Sajini aliuliza.

"Mpaka izidi oili. Injini hii inapumulia humu. Oili ikizidi inatemewa humu, inashukia bomba la moshi upande wa kulia, upepo unaipeleka tairi la nyuma." Aliigeuza sponji mkononi. "Lakini sikuzidisha."

Sajini hakumwambia habari ya galoni wala ya kijiti cha asubuhi. Mtu ukimwonyesha njia, atapita palepale ulipomwonyesha, na hakimu atauliza kwa nini. Akasema tu, "Kipara, pima oili kabla haijawashwa."

Chini ya kiti palikuwa na tangi dogo la oili, peke yake, mbali na injini. Kipara alifungua mfuniko wake, akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akatoa macho.

"Afande! Imeshuka mpaka chini ya mstari! Hii haina oili kabisa!" Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema na kopo la oili lilikuwa miguuni pake, akalinyanyua, akalifungua, akaliinamisha.

"Usiongeze!"

Mdogo mtu alimshika mkono kwa nguvu kiasi kwamba askari wa getini akainuka.

"Usiongeze," alirudia, sasa taratibu. "Ipo. Ikikaa siku nyingi inateremka yenyewe kutoka kwenye tangi, inakwenda kulala tumboni mwa injini. Ikiwa baridi, kijiti kinakudanganya. Hii inapimwa imetoka kutembea, ina moto. Baba alikuwa anatupiga makofi kwa hilo. Sisi tuli..." Akakwama. Alitazama kopo mkononi mwa Kipara, akalitazama tena, na midomo yake ikaanza kusogea kabla sauti haijaja. "Kaka hakuwapo. Kaka alikuwa anashinda shule, hakupenda karakana. Yeye amejifunza kwenye lori."

"Na lori linapimwa lini?" Sajini aliuliza.

"Asubuhi. Kabla ya kuwasha."

Mkuu wa kituo alikuwa amesogea bila kujua, mpaka tumbo lake likagusa usukani.

"Iwashe," Sajini alisema.

Iliguna mara ya kwanza, ikakohoa mara ya pili, ya tatu ikashika. Mlio wake mzito, wa kusitasita, ukajaa uani mpaka vioo vya ofisi vikatetema. Mahabusu dirishani walishangilia. Mama kwenye benchi aliziba mdomo kwa kanga, maana ulikuwa mlio wa mumewe anaporudi nyumbani. Mdogo mtu aliiacha ipate moto, mkono mmoja kwenye tangi, kichwa kimeinama anaisikiliza. Kisha akaizima.

"Pima sasa."

Safari hii kijiti alikichomoa Mkuu mwenyewe. Hakuna mtu aliyekuwa ameongeza hata tone, wote walikuwa wamesimama pale, na oili ilikuwa imepanda ikapita mstari wa juu, ikapita hata alama ya mwisho, mpaka karibu na mfuniko. Alipokuwa bado anakishangaa, tone moja la rangi ya asali lilijikusanya chini ya boksi la kichujio, likaangukia bomba la moshi, likatoa moshi kidogo wenye harufu ya kuungua. Likafuata jingine.

"Imeteremka tumboni siku zote alizokuwa safari," Sajini alisema. "Amerudi, akapima asubuhi kama anavyopima lori, akaona haina kitu, akajaza kutoka kwenye galoni yake. Akaondoka nayo. Mjini ilikuwa sawa. Kwenye mlima injini ikapata moto, ikaanza kutapika. Kona ya kulia, pikipiki ikalalia upande uleule wenye oili. Mkuu, hapa hakuna aliyetaka kuua mtu. Kuna watu wawili wameilisha pikipiki moja, kila mmoja hajui kama mwenzake ameshailisha."

Mkuu alirudisha kijiti mahali pake kwa uangalifu mkubwa. "Haya umeyaona wewe. Majeruhi mwenyewe hajasema."

Ilikuwa haki yake kusema hivyo, na Sajini alijua. Lakini siku nyingine bahati huwa haichagui. Kipara alikuwa ameshaitwa kwenye simu ya kaunta, na sasa alitoka mbio, kipara chake kinang'aa jasho.

"Hospitali! Amezinduka! Ameomba chai, wamemnyima, anagomba!"

Mama alisimama. Hakulia, alitafuta tu kiatu chake kimoja kilichokuwa kimemtoka mguuni, na hakukiona ingawa kilikuwa mbele yake. Mdogo mtu alipiga magoti akamvisha.

*

Sajini aliingia wodini peke yake kwanza, kwa sababu kazi ni kazi. Mkubwa mtu alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa, uso umevimba upande mmoja. Mkewe alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nitakuuliza machache, kaka, kisha nikuache. Asubuhi ya ajali, kabla hujawasha pikipiki, ulifanya nini?"

"Nilipima oili," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Ilikuwa imekwisha kabisa. Nikaijaza."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mstari wa juu. Mimi siendi na chombo kisicho na oili."

Mkewe alimtazama Sajini, kisha akaitazama sakafu. Alikuwa mwepesi wa akili, na alishaelewa alichokuwa amemfanyia shemeji yake, hata kama hakujua bado ilivyotokea.

"Hukuona chochote cha ajabu?"

"Niliona ile kidogo iliyoshika kijiti ilivyo safi. Nilishangaa. Nikasema, kuna mtu amepita hapa, au baba amerudi. Na ilipowaka, ilikuwa haigongi tena. Tangu nimeichukua ilikuwa inagonga. Asubuhi ile ilikuwa inalia kama enzi za mzee. Nilisimama pale bandani nikashindwa hata kuvaa helmeti."

Sajini alikwenda akafungua mlango, akawaita wale wawili waliokuwa wamesimama ukumbini.

Mama aliingia kwanza, akamshika mwanawe shavu lililokuwa zima, akalishikilia. Mdogo mtu alibaki mlangoni. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye injini, na mikono yake, nyeusi mpaka viwikoni, aliificha nyuma kama mtoto aliyefumwa.

"Niliigusa," alisema. "Niliapa, nikaigusa. Oili niliiweka mimi, kabla yako. Ndiyo maana ikazidi."

Mkubwa alimtazama muda mrefu.

"Filta?"

"Niliibadilisha."

"Plagi?"

"Nilizisafisha. Ya nyuma inataka mpya."

"Nilisema kuna mtu," mkubwa alisema. "Nikajua si baba. Baba hakuwahi kukaza ule mfuniko wa oili namna ile, wewe ndiye unayekaza kama unafunga benki. Nilipata tabu kuufungua."

Sajini alikuwa amebakiwa na swali moja, lile la barabara ya kilimani, na alilitoa polepole kama anavyofanya mambo yake yote.

"Kaka, ulimwambia mkeo unakwenda sokoni. Soko liko bondeni. Kilimani ulifuata nini?"

Mkubwa alifumba macho. Machozi yalimtoka hivyohivyo, yakateremkia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali na hakuweza kuyafuta.

"Nilikuwa nakwenda kwake," alisema. "Nilitaka nipite mbele ya karakana aisikie. Sikujua niseme nini. Nikaona nipite tu, aisikie inavyolia."

Mdogo mtu alitoka mlangoni. Alivuka wodi kwa hatua kubwa, akiwa amenyoosha mikono ile nyeusi amkumbatie ndugu yake, shuka nyeupe na bandeji na kila kitu. Mama yao akamwekea kiganja kifuani, akamsimamisha.

"Wewe," alisema, na sasa ndipo alipokuwa analia, kwa sauti, bila aibu, akicheka humohumo. "Kanawe mikono kwanza."